Je, Wajua? Betri Isiyo na Majimaji

Lithiamu, madini ambayo ardhi ya Manono, nchini Kongo (DRC), imeyahifadhi kwa wingi, ni metali nyepesi kuliko zote, laini hata hukatwa kwa kisu, na huelea juu ya mafuta.

• Kila gramu yake yaweza kuhifadhi chaji takriban mara 10 ya ile ya grafiti iliyomo katika betri za simu.

• Ila aibu yake ni moja: ndani ya majimaji ya betri huota sindano nyembamba, ambazo zikipenya hadi upande wa pili huweza kuzua moto.

• Mwaka 2015 wataalamu wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, walibainisha kuwa betri ya lithiamu ya volti 5 hivi, iliyotiwa utando mgumu badala ya majimaji, ilichajiwa na kutumika mara 10,000, nayo ikabakiza asilimia 90 ya uwezo wake.