Waliosimama Wakitazama

Hadithi, hadithi! Najua mmeshaitikia "hadithi njoo," lakini hapo hapo nawakatiza, maana ile "uwongo njoo" leo haina nafasi. Haya ninayowasimulia yalitokea kweli.

Ilikuwa Septemba 2007, katika jimbo la Nova Scotia, mashariki kabisa mwa Kanada. Shule ndiyo kwanza zimefunguliwa. Mvulana mmoja wa darasa la 9, mgeni pale shuleni, alikuja siku ya kwanza amevaa fulana ya rangi ya waridi. Rangi tu, wanangu, hakuwa amemkosea mtu. Wakubwa wakamwandama, wakamwita majina ya kumdhalilisha, wakatishia kumpiga.

Habari ikawafikia vijana wawili wa darasa la 12, David Shepherd na Travis Price. Hawakwenda kutafuta ugomvi. Walikwenda kwenye duka la bei nafuu, wakanunua fulana 50 hivi za rangi ya waridi, na usiku wakawaandikia wenzao barua pepe: kesho tuvae waridi. Asubuhi wakazigawa pale shuleni. Wengine walishakuja wamevaa za kwao kutoka nyumbani, hata korido zikajaa mamia ya wanafunzi waliovaa rangi moja. Yule mvulana alipoingia na kuona, waliomwona wanasema alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Siku hizi, kila Jumatano ya mwisho ya Februari, watu sehemu nyingi za Kanada huvaa waridi kukumbuka jambo hilo.

Nataka mwone walichofanya wale wawili. Hawakumgusa hata mwonevu mmoja. Waliwaendea wale wengine wote, waliokuwa wakipita na kutazama.

Lakini kwanza tuelewane, maana si kila ugomvi ni uonevu. Wewe na rafiki yako mkigombania mpira, mkasukumana, mkanuniana mpaka jioni, huo ni ugomvi wa watu wenye nguvu sawa na kesho mtapatana. Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyezaliwa Sweden akafanya kazi Norway, alianza kuuchunguza uonevu miaka ya 1970, wakati watu wazima wengi walikuwa wakisema ni utoto tu, utaisha wenyewe. Yeye aliangalia mambo matatu: anayefanya anakusudia kuumiza, anarudia na kurudia, na anayefanyiwa hana nguvu za kujitetea. Na nguvu si misuli peke yake. Mtu anaweza kukuzidi kwa sababu yuko kidato cha juu, kwa sababu wao ni watano na wewe uko peke yako, kwa sababu kwao wana gari, au kwa sababu anaijua siri yako. Mwaka 1983, baada ya vifo vya wavulana watatu vilivyohusishwa na kuonewa na wenzao, serikali ya Norway ilianzisha kampeni katika shule za nchi nzima. Olweus akawafuatilia wanafunzi wapatao 2,500 mjini Bergen, na ndani ya miaka miwili uonevu ulikuwa umepungua kwa karibu nusu. Kwa hiyo atakayekwambia kuwa jambo hili halina dawa, hajui.

Sasa twende bwenini, kwa sababu wengi wenu ndiko mnakoishi.

Ni usiku, prepo imekwisha. Fomu wani aliyeripoti juzi amekaa kitandani, tranka lake jipya bado linanuka rangi. Wanaingia wanne wa kidato cha tatu. Mmoja anamwamuru apande juu ya tranka, azime balbu kwa kuipuliza kama mshumaa. Anapuliza. Anapuliza tena, mashavu yamevimba, na bweni zima linaangua kicheko. Kisha anaambiwa avue ndala, aiweke sikioni, ampigie mama yake simu amwambie amefika salama. "Haloo, mama..." Sauti inakatika, kicheko tena. Halafu unatakiwa ufunguo wa tranka. Inatoka sabuni ya mche, inatoka sukari, zinatoka biskuti ambazo mama alizifunga kwenye gazeti. Alfajiri atachota ndoo mbili za maji, na zote si zake.

Mtazame anayetoa amri. Macho yake hayako kwa fomu wani. Yanazunguka vitandani, yanahesabu nani anacheka. Siku bweni lisipocheka, atarudia amri kwa sauti kubwa zaidi, atajichekesha mwenyewe, kisha ataondoka akisema amechoka.

Wanaojitetea husema huku ni kumkaribisha mgeni, ni desturi ya shule, na sisi pia tulifanyiwa. Mimi siikubali desturi hiyo. Kwetu mgeni hukaribishwa kwa maji ya kunywa na mahali pa kukaa, haporwi sukari yake. Na hilo la "sisi pia tulifanyiwa" ndilo linalonisikitisha kuliko yote, maana aliyelia mwaka juzi kwenye kitanda kile kile ndiye anayeliza leo. Mnyororo huo hukatwa na kidato kimoja tu kitakachokubaliana kwamba wageni wa mwaka huu hawataguswa. Mwakani hapatakuwa na mwenye deni la kulipiza.

Turudi kwa wale wanaotazama. Watafiti wa Kanada, Debra Pepler na Wendy Craig, walifanya jambo ambalo mtu mzima wa kawaida hawezi kulifanya. Waliweka kamera za video kwenye viwanja vya shule za msingi jijini Toronto, na watoto wakavaa vinasa sauti vidogo visivyo na waya, ili uonevu uonekane ulivyo wakati mwalimu hayupo karibu. Wakayachambua matukio 306, na matokeo yakatolewa mwaka 2001. Kati ya kila matukio 100, wenzao walikuwepo wakiona katika 88. Walioingilia kati? Ni katika matukio 19 tu. Lakini sikilizeni hili: mwanafunzi alipoingilia, zaidi ya nusu ya mara uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10.

Sekunde 10, wanangu! Hamjamaliza hata kufunga kamba za kiatu.

Kule Finland, Christina Salmivalli naye alionyesha mwaka 1996 kwamba uonevu una kundi zima nyuma yake. Yupo anayeuanza, yupo anayemshika mtu mikono, yupo anayecheka na kushangilia, yupo anayegeukia ukutani na kujifanya amelala, na yupo anayetetea. Anayecheka hajamgusa mtu, na huenda usiku analala akijua hana kosa. Mwulize fomu wani aliyekuwa juu ya tranka. Atakwambia kicheko kilimuuma kuliko amri.

Sitawadanganya kwamba kutetea ni rahisi. Unaogopa usije ukawa wa pili, na hofu hiyo ina sababu. Ndiyo maana sikutumi ukapigane. Anza kwa kutocheka, maana hilo linawezekana hata ukiwa mdogo kuliko wote bwenini. Ukiweza, mtoe pale bila kubishana na mtu: "Wewe, njoo, kiranja anakuita." Mkiwa wawili au watatu ni afadhali zaidi, kwa hiyo ongea na rafiki yako mapema, mkubaliane, msingoje siku ya tukio. Na kesho yake mwekee nafasi mezani. Anayekula peke yake ndiye anayewindwa.

Halafu mwambieni mtu mzima. Najua mtaitwa wanoko. Lakini kumsema mwenzako ili achapwe kwa kuwa hakuimba mstarini ni jambo moja, na kumwokoa anayeumizwa ni jambo lingine kabisa. Na walimu mkinisikia, nawasihi: kumchapa mwonevu mbele ya shule nzima ni kumrudishia somo lile lile, kwamba mwenye nguvu humuumiza asiye nazo. Kaeni naye, mumuulize anapata nini pale, mumlinde na yule aliyeonewa asije akalipiziwa usiku.

Likizo ikifika na simu mkarudishiwa, mambo ni yale yale. Picha ya mwenzenu inageuzwa stika kwenye kundi la WhatsApp, na kila anayeisambaza anasema hakuitengeneza yeye. Usiisambaze. Kama ni ya kwako, usiifute kwa hasira kabla hujampa mtu mzima aione, maana huo ndio ushahidi.

Na wewe unayeonewa, nakusemesha wewe sasa. Iwe wanakucheka kwa kigugumizi, kwa ngozi, kwa lafudhi ya kwenu au kwa viatu vyenye kiraka, kosa si la kwako, na halitakuwa la kwako hata wakisema mara elfu. Andika tarehe, mahali na waliokuwepo. Mwambie mzazi, matroni, mwalimu wa ushauri nasaha, yeyote unayemwamini. Wa kwanza akikupuuza, mwendee wa pili. Ukiwa Tanzania, Kenya au Uganda, piga 116, namba ya msaada kwa watoto. Hulipii chochote, na anayepokea kazi yake ni kukusikiliza.

Amebaki mmoja, ambaye huenda anasoma haya huku moyo ukimdunda kwa kuwa anajijua. Sikufukuzi, kaa. Hujachelewa. Kamrudishie mwenzako sabuni yake na sukari yake, umwombe radhi, na ufanye hivyo mbele ya wale wale waliocheka.