Utu wa Mtu Asiye na Kazi

Mtu mwenye nguvu zake akionekana hana kazi, aghalabu husemwa vibaya. Huitwa mvivu, au kupe anayeishi kwa jasho la wenziwe. Lakini je, mtu akikosa kazi hupungukiwa na utu? Nchi ya Ujerumani ililazimika kulijibu swali hili mbele ya mahakama, nami nataka kueleza jinsi ilivyokuwa.

Katika nchi ile, mtu asiye na kazi wala akiba hupewa na Serikali fedha za kujikimu kila mwezi. Fedha hizo zatoka katika kodi za wananchi, kwa hiyo si ajabu wenye kazi wakinung'unika. Sheria iliyoanza tarehe 1 Januari, 2005, iliyojulikana kwa jina la Hartz IV, iliweka masharti makali. Aliyekataa kazi bila sababu ya kutosha alikatwa asilimia 30 ya fedha zake kwa miezi mitatu. Akirudia kosa katika mwaka ule, alikatwa asilimia 60. Akirudia tena, alinyimwa zote, hata kodi ya nyumba.

Mwaka 2014 mtu mmoja wa mji wa Erfurt alikataa kazi ya ghalani, akisema ataka kazi ya kuuza bidhaa. Posho yake ilikuwa Yuro 391 kwa mwezi, mbali na kodi ya nyumba. Alikatwa Yuro 117.30. Baadaye hakutimiza agizo jingine, akakatwa Yuro 234.60. Zikabaki Yuro 156.40 tu za chakula, nguo, umeme na nauli. Alishtaki, na mahakama ya Gotha ikalipeleka shauri lake kwenye Mahakama ya Katiba iliyoko Karlsruhe.

Katiba ya Ujerumani ya mwaka 1949 yaanza kwa kutamka kwamba utu wa mwanadamu usiguswe, na kwamba dola ni lazima iuheshimu na kuulinda. Walioiandika walikuwa wameuona utawala wa Hitler. Mwaka 1938 utawala huo uliwakamata watu zaidi ya 10,000 kwa kuwa ati ni wavivu, ukawatia katika kambi za mateso kama Buchenwald. Twaona basi kwamba neno "mvivu" likishikwa na dola isiyo na mpaka, laweza kuua.

Hukumu ilitolewa tarehe 5 Novemba, 2019. Mahakimu walikubali kwamba Serikali yaweza kumtaka mtu ajitahidi kutafuta kazi, na kumkata hadi asilimia 30 akikaidi, mradi hali yake ichunguzwe kwanza. Lakini kumkata asilimia 60 au zote walikukataza. Walieleza kwamba utu haupatikani kwa tabia njema, wala haupotei kwa tabia mbaya. Tena Serikali haikuwa na ushahidi wa kutosha kwamba makato makubwa huwarudisha watu kazini.

Wako watakaosema hukumu hiyo yalea uvivu, nao watatukumbusha methali yetu: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo naikubali. Lakini tuitazame vizuri: yasema apewe jembe, haisemi anyang'anywe sahani. Mwenye njaa hawezi kulima, wala hana nauli ya kwenda kuomba kazi.

Jambo hili si la Wajerumani peke yao. Katiba yetu ya Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 12, nayo yatambua kwamba kila mtu astahili kuheshimiwa na kuthaminiwa utu wake. Haikuongeza maneno "akiwa na kazi." Sisi wa Kidato cha Nne tutaondoka shuleni karibuni, na baadhi yetu tutakaa nyumbani muda mrefu kabla ya kupata kazi. Wazazi na jirani zetu watuhimize, watupe jembe, hata watukemee ikibidi. Lakini wasituhesabu kuwa nusu ya watu, nasi tusiwahesabu hivyo kaka na dada zetu waliotutangulia.