Theluji Inapolainika: Safari ya Wafugaji wa Milima ya Kashmir

Jumamosi ya tarehe 27 Mei 2023, msafara wa wafugaji wa kuhamahama ulikuwa katika njia ya mlimani iitwayo Shounter, kaskazini mwa Pakistani, ukitokea Azad Kashmir kuelekea wilaya ya Astore. Walikuwamo wanaume, wanawake na watoto, pamoja na mbuzi wao. Ghafla poromoko la theluji likawafunika. Watu 11 walifariki dunia, mmoja wao mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka 4. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Sisi ambao theluji twaitazama kwa mbali, kileleni mwa Kilimanjaro, twaweza kuuliza: mwezi Mei baridi kali si imekwisha? Naam, imekwisha, na hatari ya msimu huo huletwa na joto lenyewe. Theluji ya miezi yote ya baridi hulala mlimani tabaka juu ya tabaka. Usiku wa mbingu nyeupe, isiyo na mawingu, uso wake huganda ukawa mgumu, na mtu na mnyama hupita juu yake bila kuzama. Jua likipanda, barafu hiyo huyeyuka, na maji hupenya chini hadi kufikia tabaka dhaifu au mwamba wenyewe. Yale yaliyoshikamana huachana. Miteremko yenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45 ndiyo inayoporomoka zaidi. Ile inayoelekea mashariki hupashwa joto kwanza, na ile ya magharibi huja zamu yake alasiri.

Kwa hiyo wanaoijua milima huondoka usiku wa manane na kujitahidi wawe wamevuka kabla jua halijakolea. Hata hivyo alfajiri nayo si dhamana. Mawingu yakitanda usiku kucha, au mvua ikanyesha, theluji haigandi, na msafiri huianza safari juu ya kitu ambacho tayari kimelegea. Mguu ukizama hadi gotini, vibonge vya theluji vikianza kubingirika vyenyewe kutoka juu, au ufa ukitokea mbele ya nyayo, wajuzi hurudi nyuma.

Lakini arudi wapi mwenye kundi la mbuzi? Wafugaji wa jamii za Gujjar na Bakarwal hushinda miezi ya baridi katika nchi za chini, na joto likianza hupanda kuyafuata malisho ya juu. Huko chini majani hukauka, na mifugo ndiyo chakula, ndiyo mahari, ndiyo akiba ya nyumba nzima. Mpanda milima kwa burudani aweza kuahirisha safari yake wiki mbili, akanywa chai akisubiri. Mama mwenye mtoto mgongoni na mbuzi wenye njaa hana wiki mbili za kutoa. Katika mteremko wa hatari inashauriwa watu wavuke mmoja mmoja, wengine wakimtazama kutoka mahali salama, ili poromoko likishuka limkute mmoja tu. Ushauri ni mzuri, ila sijui mtoto wa miaka 4 atavuka vipi peke yake.

Theluji yenye maji ni nzito mno. Ikisimama hukaza kama saruji, na aliyezikwa ndani yake hawezi hata kuinua mkono. Anayefukuliwa katika dakika 10 za mwanzo ana matumaini makubwa ya kuishi. Ikipita nusu saa, wengi huwa wameshakata roho kwa kukosa hewa. Helikopta haifiki upesi hivyo. Mwokozi huwa ni yule aliyekuwa nyuma yako njiani, akiwa na beleshi, au na mikono yake mitupu.

Na mwokozi naye yumo hatarini. Februari 2020, huko Bahçesaray, mkoa wa Van nchini Uturuki, poromoko lilizika basi dogo. Siku ya pili yake, waokoaji wakiwa katika kazi ya kufukua, poromoko jingine liliwashukia. Waliofariki katika maporomoko hayo mawili walizidi 40.

Njia ya Shounter ipo zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Joto la mwaka likirejea, wafugaji wa milima hiyo hufunga tena mizigo yao na kutanguliza mbuzi.