Nyasi Ndefu Bustanini: Kweli au Si Kweli?

Nyasi ndefu hupendezesha ua, hukinga vumbi na hushika udongo. Lakini kabla ya kupanda, chunguza kwanza mizizi na mbegu zake, kwa kuwa urefu peke yake hauna kosa.

Nyasi ndefu huleta nyoka.
SI KWELI. Nyoka hufuata panya, vyura na maficho. Kichaka kilichojaa majani makavu shinani humhifadhi, sawa na rundo la kuni lililoachwa ukutani. Panda mbali kidogo na mlango, na uondoe makavu mara kwa mara.

Mchaichai dirishani hufukuza mbu.
SI KWELI. Mafuta yanayowakera mbu yamo ndani ya jani, na hayatoki kwa wingi mpaka lipondwe. Upande kwa ajili ya chai na uzuri wake, lakini usiku lala ndani ya chandarua.

Mwanzi huvamia kiwanja kizima.
INATEGEMEA AINA. Mwanzi ni nyasi, wa ukoo mmoja na mahindi na mpunga. Ule wa manjano wenye michirizi ya kijani hukua kwa kichaka na kupanuka polepole. Mianzi inayotambaa hupenyeza mashina chini ya ardhi na kuchipua hata kwa jirani. Kwenye kiwanja kidogo, chagua wa kichaka.

Nyasi ya vetiva huzuia mmomonyoko wa udongo.
KWELI. Mizizi yake hushuka wima na inaweza kufika mita 3. Panda miche kwa mstari unaokata mteremko, ikiachana sentimita 10 hadi 15, ili ishikane iwe ukuta. Aina inayopandwa sana haienei kwa mbegu. Huzidishwa kwa kugawa mashina.

Nyasi nzuri ya pambo haiwezi kudhuru.
SI KWELI. *Cenchrus setaceus*, nyasi ya Afrika yenye masuke ya zambarau, ilipelekwa Hawaii kuwa pambo. Upepo ukasambaza mbegu zake, ikaenea hadi kwenye miamba ya volkano, na leo majani yake makavu huchochea mioto ya porini. Kwa hiyo, ukipewa mche wa nyasi ngeni, uliza unavyozaana. Kama ni kwa mbegu zinazopeperuka, kata masuke kabla hayajakomaa. Na kama huna nafasi ya kuyafuatilia, usiupande.