Makohozi ya Kifuani, Si Mate ya Mdomoni

Ukikohoa wiki mbili au zaidi na ukaenda kituo cha afya hapa Kigali, iwe Biryogo, Kimironko au Muhima, tarajia kukabidhiwa kikopo cha plastiki chenye kifuniko. Utakachotia humo ndicho kitakachoamua kama kifua kikuu kitaonekana au kitapita. Tunazisifu sana mashine za maabara, ilhali kazi inaanza kwa mgonjwa na mhudumu anayemwelekeza.

Kosa kubwa ni kutema mate. Bakteria wa kifua kikuu wako ndani ya mapafu. Makohozi yenyewe ni mazito, yananata, mara nyingi ya manjano au kijani, pengine na michirizi ya damu. Mate ni mepesi na yana povu. Ya alfajiri ndiyo bora, kwa sababu yamekusanyika usiku kucha ukiwa umelala. Kabla ya kula chochote, sukutua kwa maji matupu. Toka nje penye hewa, mbali na watu, maana kukohoa huko ndiko kunakorusha vijidudu. Vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, ibane kidogo, kisha kohoa kutoka chini kabisa ya kifua hadi usikie kitu kimepanda. Temea kikoponi bila kugusa ndani, mpaka kifike kiasi cha kijiko cha chai, ukaze kifuniko. Usikiache juani.

Maelezo haya machache yana nguvu. Huko Rawalpindi, Pakistan, watafiti waliwaelekeza baadhi ya wagonjwa namna ya kutoa makohozi, wengine wakawaacha kama kawaida. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2007: wanawake walioelekezwa, asilimia 13 walikutwa na bakteria, wasioelekezwa, asilimia 8. Mwanamke aliyelelewa akijua kwamba kutema mbele za watu ni aibu atakohoaje kwa nguvu pembeni mwa foleni? Apewe faragha, aelezwe taratibu.

GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria hao, hutoa jibu ndani ya saa mbili hivi na kuonyesha kama wamekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Nayo hutegemea ilichopewa. Jean Claude Semuto Ngabonziza wa maabara ya rufaa ya taifa hapa Kigali na wenzake walichapisha mwaka 2020 utafiti walioufanya Rwanda: majibu ya usugu yaliyokuja kubainika kuwa si ya kweli yalihusiana sana na sampuli zenye bakteria wachache mno. Jibu la namna hiyo likiaminiwa, mtu hupewa dawa nzito asizozihitaji. Kwa hiyo ukiitwa utoe kikopo cha pili, usidhani unafichwa jambo wala usikasirike. Nenda, tena upesi.

Watoto wadogo humeza makohozi yao, hivyo huweza kupimwa maji ya tumboni au choo. Mtu mzima mwenye kikohozi kikavu anaweza kuvutishwa mvuke wa maji ya chumvi chini ya uangalizi wa mhudumu. Akishindwa kabisa, aseme, asijaze mate ili tu kikopo kisirudi kitupu. Mate yakipimwa, karatasi inaweza kuandikwa hana kitu, naye akarudi kulala chumba kimoja na wanawe.