Usafishe Vyuma vya Injini kwa Akili

Ndugu mkulima, je, wataka kusafisha na kupaka rangi vifuniko vya injini ya lori lako la dizeli hapo nyumbani? Kwanza tafuta sumaku. Hata ya spika ya redio mbovu yatosha. Sumaku hushika chuma, alumini haiishiki. Kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, huondoa grisi na rangi kuukuu bila kuila chuma. Lakini alumini huila, tena hutoa hewa inayowaka moto. Basi alumini isafishe kwa mafuta ya taa, mbali na moto, petroli usiiguse.

Vaa glavu za mpira na miwani, kisha tia soda kidogo kidogo katika maji baridi, wala si maji katika soda, maana yatakurukia machoni. Panapokaa gasketi usipake rangi.