Nyumba za Majini: Saa Mbili Juu ya Bosphorus

Tulikuwa wanawake saba, tukirejea kutoka Umra, na safari yetu ilikuwa na kituo cha siku mbili Istanbul. Siku ya kwanza tuliimaliza misikitini. Ya pili, baada ya sala ya Adhuhuri, tuliteremka hadi Eminönü, penye daraja na wachoma samaki, tukakata tiketi za boti ya matembezi. Ni safari fupi ya takriban saa mbili: boti hupanda mlango wa bahari wa Bosphorus kwa upande wa Ulaya hadi daraja la pili, kisha hugeuka na kurudi kwa upande wa Asia. Khalati yangu, ambaye umri wake umepita miaka sabini, alichagua kiti cha sitaha ya juu, akajikaza mtandio kwa sababu ya upepo, akasema, "Haya, na tuyaone hayo majumba yao."

Waturuki wana neno moja, yalı, kwa nyumba iliyojengwa kwenye ukingo wa maji kabisa. Msingi wake umeshika bahari, ghorofa ya juu imejitokeza juu ya mawimbi, na chini huwa pana lango la kuingizia mashua kama vile sisi tunavyoingiza gari uani. Katika zama za dola ya Uthmaniya, mawaziri, matabibu wa kasri, mabinti wa masultani na matajiri wa mji walihamia huko wakati wa kiangazi kukimbia joto. Nyingi ni za mbao, jambo linalomshangaza mtu wa pwani yetu aliyezoea matumbawe na chokaa, na za kale zilipakwa rangi nyekundu iliyokoza kama udongo wa mfinyanzi. Mlango wenyewe wa bahari una urefu wa kilomita kama 30, na penye wembamba zaidi ni mita 700 hivi tu. Meli za mizigo hupita hapo mchana na usiku. Mtu wa Likoni hahitaji kuelezwa zaidi.

Nasaha moja kwa atakayejaaliwa kwenda: kaa upande wa kushoto wa boti. Wakati wa kwenda utakuwa umeelekea Ulaya, na wakati wa kurudi utakuwa umeelekea Asia, bila kuhama kiti. Chukua sweta hata kama jua ni kali. Chai watakuletea katika gilasi ndogo iliyobanwa kiuno, nyeusi, haina maziwa wala iliki, na khalati hakuwasamehe kwa hilo mpaka leo.

Hatukwenda mbali kabla ya kufikia kasri la Dolmabahçe, jeupe, refu, limeushika ukingo kwa mita 600 hivi. Sultani Abdülmecid alilijenga kati ya mwaka 1843 na 1856. Lina vyumba 285, na taa ya vioo iliyotundikwa katika ukumbi wake mkuu ina uzito wa tani 4.5. Kipaza sauti cha boti kilitueleza hayo kwa fahari. Hakikueleza kwamba mwaka 1854, mafundi wakiwa bado kazini, dola ilichukua mkopo wake wa kwanza kutoka Ulaya kwa ajili ya vita vya Crimea, na kwamba mikopo iliyofuata ilirundikana hata mwaka 1875 serikali ikatangaza kuwa haiwezi kulipa. Kasri peke yake halikuifilisi dola. Lakini mtu akiezeka dari kwa dhahabu huku anakopa, mtaani kwetu angeambiwa neno. Nani wa kumwambia Sultani? Miaka 68 baada ya kumalizika jengo hilo, usiku wa Machi 1924, khalifa wa mwisho aliondoshwa humo humo akapelekwa uhamishoni. Leo ni makumbusho, na watu hupanga foleni kwa tiketi.

Kabla tu ya kasri, kwenye ukingo ule ule, tulipita msikiti mdogo wenye minara miwili myembamba. Msemaji wa boti aliutaja kwa sentensi moja. Mimi nilikuwa nimesoma habari zake kabla ya safari, nikamweleza khalati. Msikiti huo uliamriwa na Bezmiâlem, mama yake Sultani huyo huyo mwenye kasri. Alifariki mwaka 1853 kabla haujakamilika, na mwanawe akaumaliza mwaka 1855. Mama huyu ndiye aliyejengesha daraja la mbao mwaka 1845 pale pale karibu na tulipopandia boti, na katika miaka hiyo ya 1840 akajenga hospitali ya Waislamu maskini na wageni wasio na jamaa mjini, akaiwekea wakfu. Daraja limeshabadilishwa mara kadhaa. Hospitali ingali inatibu watu, na chuo kikuu kilichoota juu yake kinabeba jina lake pamoja na neno lenyewe la wakfu.

"Kwa hivyo mtoto amejenga kasri, mama amejenga hospitali," alisema khalati. Akanyamaza kidogo. "Na wote wawili walikuwa na pesa."

Kuanzia hapo nadhani sote saba tulianza kutazama ukingo kwa jicho jengine. Lilifuata kasri la Çırağan, ambalo Sultani Murad wa Tano alifungiwa humo miaka mingi baada ya kuondolewa katika kiti, hadi alipofariki mwaka 1904. Mwaka 1910 liliungua likabaki kuta. Sasa ni hoteli. Ortaköy, karibu na daraja la kwanza, msikiti wa miaka ya 1850 umesimama juu ya maji kama uliowekwa kwenye sinia. Hatua chache kando yake pana nyumba isiyo na paa la asili, matofali matupu na madirisha yaliyo wazi. Hiyo ilikuwa ya Esma Sultan, binti wa Sultani, aliyepewa kama zawadi ya harusi mwaka 1889. Hakuishi sana, alifariki mwaka 1899. Nyumba ikaja kuwa ghala ya tumbaku, kisha ya makaa ya mawe, na mwaka 1975 ikaungua. Siku hizi wameweka ukumbi wa vioo na vyuma ndani ya kuta zile, na watu huukodi kwa sherehe. Harusi imerudi, ila bibi harusi ni wa kukodi saa.

Ndani, nyumba hizi ziligawanywa sehemu mbili: selamlık, upande wa wanaume na wageni, na harem, upande wa wanawake na watoto. Aliyekulia Lamu au Mji wa Kale atalitambua jambo hili mara moja, kwani nasi tuna daka la mlangoni na sabule ya wageni huku, na ndani kule. Tofauti ni kwamba wazee wetu walijenga kuta nene na kuielekeza nyumba katika kiwanda chake cha ndani, ilhali wao waliifungulia bahari madirisha mengi, kisha yale ya upande wa wanawake wakayafunika kwa kimia cha mbao. Mwanamke aliweza kukaa na kutazama vyombo vikipita, yeye asionekane.

Kimia hizo nyingi hazipo tena, na wanaotazama sasa ni sisi. Tulipofika Bebek na Arnavutköy, penye nyumba za mbao zilizonakshiwa kama kitambaa cha kofia, msemaji alianza kutaja bei. Hii ni mamilioni kadhaa ya dola, ile ni zaidi, hii ya tajiri fulani, ile ya mwigizaji wa tamthilia ambazo, tukubali, nyingi tunazijua Mombasa. Simu zikainuliwa. Katika roshani moja mwanamke aliyekuwa akikung'uta zulia alituona, watu mia hivi tumemkodolea macho, akaingia ndani akafunga dirisha. Niliona haya. Tumefundishwa tangu utotoni kubisha hodi mara tatu na kusimama pembeni mwa mlango ili jicho lisitangulie mguu. Sijawahi kufikiri kwamba tiketi ya boti inaweza kuifuta adabu hiyo. Niliishusha simu yangu, na picha za nyumba nilizorudi nazo ni chache.

Chini ya ngome ya Rumeli Hisarı, ambayo Sultani Mehmed al-Fatih aliijenga kwa miezi michache tu mwaka 1452 kabla ya kuuteka mji, boti iligeuka. Upande wa Asia, karibu na nguzo za daraja la pili, pana nyumba nyekundu ya Hekimbaşı Salih Efendi, tabibu mkuu wa kasri. Mwezi wa Aprili 2018 meli kubwa ya nafaka, Vitaspirit, iliharibikiwa na mitambo ikashindwa kuongozwa, ikaingia nayo moja kwa moja nyumbani humo. Hakuna aliyekufa, alhamdulillahi. Lakini jumba lililopona moto na vita liliporomoka nusu kwa dakika moja, mbele ya kamera za simu. Jirani na hapo kuna nyumba ya Amcazade Hüseyin Paşa ya mwaka 1699, kongwe kuliko yalı zote zilizosalia. Na hata hiyo, kilichobaki ni ukumbi wa wanaume tu, umesimama majini kama jino la mwisho la mzee. Upande wa wanawake umetoweka.

Hapa nilimweleza khalati habari za warithi. Mbao juu ya maji ya chumvi hula pesa kila mwaka. Mwenye nyumba ya kihistoria hawezi kuibomoa, na tangu sheria ya mwaka 1983 ujenzi mpya ukingoni umebanwa sana. Basi mzee akifariki akaacha watoto saba, mmoja hutaka kuuza, mwengine hutaka kukaa, wa tatu yuko Ujerumani na hapokei simu, na huku paa linavuja. Mwisho huja mnunuzi mwenye fedha taslimu.

Khalati hakujibu. Nilijua anawaza nini, kwa sababu jambo hilo liko mezani mwa familia yetu tangu mwaka jana. Ana nyumba ya ghorofa mbili Kibokoni, aliyofikiwa nayo kwa urithi wa babake na kuwalipa nduguze mafungu yao kwa dhahabu yake mwenyewe. Mnunuzi amekuja mara tatu. Anataka kuifanya nyumba ya wageni. Watoto wake wawili wanasema uza. Mmoja anasema tusiuze lakini hatoi hata debe la chokaa.

Tulipita Küçüksu, kibanda cha kifalme cha mwaka 1857 kisicho na hata chumba kimoja cha kulala, kwani kilijengwa kwa mapumziko ya mchana tu. Na juu ya kilima cha Kandilli tukaliona jumba la Adile Sultan, binti wa Sultani aliyekuwa mshairi. Mwaka 1916, miaka 17 baada ya kifo chake, jumba hilo lilifunguliwa kuwa shule ya wasichana. Khalati aliomba nilirudie hilo. Nikarudia. Kasri la Beylerbeyi, ambamo Sultani Abdülhamid wa Pili alimalizia maisha yake akiwa mfungwa hadi mwaka 1918, hata hakuligeuzia uso.

Boti iliturudisha Eminönü kabla ya Alasiri. Wenzetu walitaka kwenda sokoni. Khalati alikataa, alitaka kuvuka kwa feri ya kawaida, ile ya wafanyakazi na wanafunzi, aende akasali Üsküdar kwa sababu nilikuwa nimemtajia Mihrimah Sultan. Huyu ni binti wa Sultani Süleyman, na msikiti wake, kazi ya Sinan, ulikamilika mwaka 1548 pamoja na madrasa, chuo cha watoto na mahali pa kulisha wasafiri. Mitaa ya Üsküdar imejaa wakfu wa wanawake: juu kilimani uko wa Nurbanu wa mwaka 1583, na karibu na gati uko wa Gülnuş, mama yake Sultani Ahmed wa Tatu, wa mwaka 1710. Hakuna boti inayotaja bei zake, kwa kuwa wakfu hauuzwi.

Tulisali upande wa wanawake. Palikuwa na wasichana wa shule wawili wakisomeana Qur'ani, na mama mmoja aliyeacha mfuko wake wa mboga mlangoni. Baada ya sala khalati aliegemea ukuta akaupapasa kwa kiganja, kama anavyopapasa kuta za kwake kutafuta unyevu.

"Huyu mwanamke hakuwa na watoto?" aliuliza.

"Alikuwa nao, khalati."

"Na hawakulia?"

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumwamkia Kibokoni. Hati za nyumba zilikuwa juu ya meza, ndani ya mfuko wa nailoni, pamoja na karatasi aliyoandikiwa na mjukuu wake kuhusu Tume ya Wakfu: kwamba wakfu huwekwa mtu akiwa hai na mzima, kwamba akiuacha kwa wasia hauvuki thuluthi ya mali, na kwamba ni lazima uandikishwe. Anafikiria ghorofa ya chini, iwe chuo cha wasichana, na juu wabaki wanawe. Kama nyumba moja yaweza kugawanywa hivyo, atamuuliza Kadhi mwenyewe. Ameniomba nimsindikize Jumatatu. Watoto wote watatu wameshapigiwa simu. Wawili wamesema watakuja, mkubwa bado hajajibu.